Usigive Up

Harufu ya rangi ya viatu kwenye twiga wa mbao hunirudisha Wamunyu, kwenye kibanda cha baba, mchongaji. Kiingereza chake kilikuwa maneno mawili tu, give up, na alikitumia kwa kila kitu. Punda akilala chini na mitungi ya maji: “Wewe, usigive up!” Mimi bintiye nikililia hesabu: “Mwiitu wakwa, usigive up.” Majirani walicheka, naye akacheka nao.

Siku kaka yangu aliporudishwa nyumbani kutoka hospitali, madaktari wakisema hawana la kufanya tena, alikataa uji. Mama akasema, “Baba watoto, si umwambie ile yako?”

Baba alimwinamia kaka. Kisha akampangusa midomo kwa kiganja.

“Pumzika, mwana wakwa,” akasema.

Mama alichukua kikombe, akatoka nje, akaumwaga uji wote.