Mtu Aliyekuwa Akinywa Chai Yangu

Nakumbuka Jumamosi moja ya mwaka wa kwanza wa korona, mwanangu Ishara, siku niliyopigwa nikaanguka ndani ya ukumbi usio na watu. Keti hapo kwenye mkeka, shikilia barafu yako shavuni, unisikilize. Najua utanijibu kwa Kiingereza, na najua pia Kiswahili unakisikia vizuri sana pale tu unapotaka. Leo utataka. Nimeambiwa kwamba hata wiki haijaisha tangu uangushwe, na tayari umepigiwa simu ya pambano jingine, na umeshasema ndiyo. Ati kichwa hakikuumi. Haya.

Unaniita mzee na sijafika hata hamsini. Kazi hii yetu ya kupigana ndani ya kizimba, ngumi, mateke, mieleka na kukabana shingo, humzeesha mtu upesi. Wakati huo nilikuwa na miaka thelathini na moja. Nilikuwa Wafula wa Kitale, niliyekuja Sydney kusoma nikaishia kupakia masanduku kwenye ghala moja la Smithfield, na baada ya kazi nakimbilia mazoezi. Sikuwa nimeshindwa pambano hata moja. Watu wa kanisani walikuwa wakinitaja kwenye matangazo ya Jumapili, na kina mama walikuwa wakinipakulia nyama mara mbili. Haki ya Mungu, nilikuwa sishikiki.

Kwa sababu ya korona pambano liliwekwa saa nane mchana, kamera tu, bila mtazamaji hata mmoja. Wewe hujawahi kupigana hivyo, na nakuombea usije ukapigana. Viti vilikuwa vimepangwa safu kwa safu, vyote vitupu. Ulikuwa unasikia pumzi za mwenzako. Unasikia nyayo zake zikisuguka sakafuni. Kocha wangu, Msamoa mmoja mnene na mpole, hakuhitaji hata kupaza sauti. Aliniambia niinue mkono kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi mezani, na mpinzani wangu naye akasikia, akangoja niushushe. Raundi ya pili teke likaja. Nakumbuka sauti yake tu, sikumbuki kuliona. Kinachofuata katika kumbukumbu yangu ni mimi nimeketi ndani ya gari la kocha, tumeshafika Doonside, mtaa niliokuwa nikiishi, nimevaa viatu na kamba zake nimezifunga vizuri kabisa.

Jumatatu nikaitazama video. Wewe nawe umeshaitazama yako, nakuona usoni. Yangu ilionyesha mimi naanguka, nalala kidogo, kisha nasimama. Nampa mwenzangu mkono. Namjibu daktari wa ukumbini. Halafu nageuka kuelekea viti, natabasamu, na kumpungia mkono mtu aliye safu ya tatu. Safu ya tatu hapakuwa na mtu! Nikairudisha nyuma, nikaitazama tena na tena. Yule mimi wa kwenye video alikuwa akimsikiliza mtu, anaitikia kwa kichwa, kisha mdomo wake ukasema neno moja, nikalisoma waziwazi: "Nakuja." Mpaka leo sijui nilikuwa namwambia nani.

Kocha akanipigia, akasema nipumzike miezi mitatu, nisiguse hata glovu. Nikamwambia sawa. Nilikuwa namdanganya, maana mipaka ya nchi ilikuwa imefungwa, wapiganaji wa nje hawawezi kuingia, na mwandaaji wa mapambano alikuwa anatafuta mtu yeyote mwenye mikono miwili. Wiki ya pili akanitafuta, nikasema ndiyo. Kama ningepigana baada ya wiki sita na kushinda, ile aibu ingefutika. Kama ningekataa, nani angenikumbuka baada ya korona? Si hivyo ndivyo unavyojiambia hata wewe?

Sasa sikia mambo ya nyumbani. Nilikuwa nimepanga chumba kwa Mama Zawadi, mjane wa Kikongo kutoka Uvira, mama wa miaka sitini na kitu tuliyefanya naye kazi ghala moja. Alikuwa akitoka alfajiri na kurudi saa nane mchana. Mimi nilikuwa nimepewa ruhusa ya ugonjwa, kwa hiyo asubuhi nzima nilikuwa peke yangu. Mtaa ulikuwa kimya, kila mtu yuko ndani, hata mbwa walikuwa wameacha kubweka. Mara mojamoja helikopta ya polisi ilipita juu, na baada yake kimya kikazidi.

Siku moja nilikwenda jikoni kuchemsha chai nikakuta birika ni la moto. Nikasema labda nimesahau. Kesho yake nikakuta kikombe mezani, kimenyweka nusu. Nikaonja. Vijiko vitatu vya sukari, kama ninavyokunywa mimi.  Nikafunga mlango wa nyuma kwa ufunguo, na saa moja baadaye nikaukuta wazi, na glovu zangu zimeanikwa kwenye kamba ya nguo huko uani, zinatiririka maji. Asubuhi nyingine nikasikia kamba ya kurukia ikipiga sakafu ya gereji, tap, tap, tap, mtu anaruka bila kukosea. Nikaenda. Gereji ilikuwa tupu. Kamba imelala chini, na kwenye simenti pana matone ya jasho ambayo hayajakauka. Na mimi nilikuwa nimelowa mwili mzima, nikasema ni woga.

Nilikuwa nimeanza kumsalimia, Ishara. Usicheke. Nikiingia chumbani nasema, "Hodi, upo?" Nikimaliza kusema natega sikio. Hakuwahi kujibu, lakini nilikuwa nahisi amenyamaza kwa makusudi.

Nikapeleka jambo hilo kwenye maombi. Siku hizo tulikuwa tukikutana mtandaoni, kila mtu na kiboksi chake kwenye simu. Niliwaeleza kwamba tangu nipigwe kuna mtu nyumbani. Wala sikusema kuwa kuna saa zinanipotea. Nilisema tu kuna mtu. Mchungaji akafumba macho, kisha akasema wazi kwamba kuna roho iliyotumwa kunifuata, kwamba wapo waliochukia nyota yangu. Dada mmoja wa Penrith akasema na yeye ameota mtu amesimama nyuma yangu. Wakatangaza siku tatu za kufunga. Na mimi, mwanangu, unajua nilijisikiaje? Nilifurahi! Nilifurahi sana. Maana aliyerogwa huombewa, akatolewa pepo, akarudi kizimbani mzima. Katika kile kikundi kulikuwa na manesi wanne, watu wanaoshughulika na vichwa vya wagonjwa kila siku. Sikumwuliza hata mmoja swali la unesi.

Hilo ndilo kosa langu, nalitaja kwa jina. Nilichagua pepo.

Wiki ya tano ukaja uchunguzi wa daktari, ule wa kuruhusiwa kupigana. Siku hizo hata daktari alikuwa anakuona kwa video. Ilikuwa alasiri. Nikasimamisha simu mezani, nikiegemeza kwenye kopo la chumvi. Mama Zawadi alikuwa upande wa pili wa meza, nje ya kamera, anachambua maharage. Daktari akaniuliza kama naumwa kichwa, nikasema hapana. Kama nasahau, nikasema hapana. Kisha akanitajia maneno matano, akasema ataniuliza tena baadaye. Nami huku namtazama usoni kwa adabu, mkono wangu ulikuwa chini ya meza ukiyaandika kwenye kipande cha katoni. Baada ya maswali mengine akaniuliza. Nikashusha macho kidogo, nikayataja yote matano kwa mpangilio. Daktari akafurahi, akaniaga, akasema atatuma barua kesho yake asubuhi.

Mama Zawadi aliendelea na maharage yake. Aliondoa jiwe, akaliweka pembeni. Akaondoa jingine. Kisha, bila kuinua macho, akanyoosha mkono, akachukua ile katoni mapajani mwangu na kuikalia.

"Bon. Mutoto yangu, ile maneno tano, iseme."

Nikacheka. Nikasema, "Mama, wacha mchezo."

"Iseme."

Nikasema, "Daraja." Nikasema, "Mvua." Nikafungua mdomo niseme la tatu, na pale mahali palipotakiwa kuwa na neno hapakuwa na kitu. Sijui nikueleze vipi. Nilitafuta kwa bidii, na dakika mbili hazijapita tangu niyasome. 

Ndipo akaniangalia. Akaniambia, "Hakuna mutu mu nyumba hii. Ule mwenye kunywaka chai ni weye. Mwenye kurukaka kamba ni weye. Nikirudi kazi nakukutaka mu jua, unapiga-piga hewa, nakuita jina, unaniangalia kama mutu haunijue. Juzi umeniamkia vizuri sana, na heshima yote, ukaniuliza: bibi, unatafuta nani? Mu nyumba yangu!"

Woi.  Ningependelea aniambie pepo lina pembe na mkia. Nikamuuliza kwa ukali kwa nini hakuniambia mapema, na sauti yangu ilikuwa mbaya, sauti ambayo sikutakiwa kumtolea mama wa umri ule.

Hakukasirika. Alisema aliniuliza mara mbili nikamjibu niko sawa. Halafu akasema kwamba hata yeye alifunga zile siku tatu pamoja nao, kwa kuwa hata yeye alitaka liwe pepo. Kule kwao wakati wa vita shemeji yake alipigwa kitako cha bunduki kichwani. Akaanza kupotelewa na saa kama mimi. Wakamwombea, wakamwombea, miezi sita, hawakumpeleka hospitali. Siku moja akatoka kwenda sokoni, akasahau njia, au akasahau nyumba, hawajui. Hawakumwona tena.

"Shetani unamupenda juu shetani anatokaka," akaniambia. "Weye unaogopa kitu yenye haitoke."

Nilijibu upuuzi mwingi. Nilimwambia anataka kunimaliza, kwamba hajui mchezo huu, kwamba bila lile pambano mimi ni mbeba masanduku tu. Akasema na yeye ni mbeba masanduku, na anajua kila mtu aliyeko mezani pake. Kisha akasukuma simu mbele yangu, akarudi kwenye maharage.

Nilikaa pale mpaka akamaliza kuchambua sufuria nzima. Halafu nikampigia daktari. Nikamwambia ya katoni, ya kikombe, ya kamba, ya mtu wa safu ya tatu.  Akaniambia nisiendeshe gari, nisibaki peke yangu, na kesho yake niende hospitali. Walinipiga picha za kichwa, wakazitazama, na barua iliyokuja ilikuwa ya kunizuia kupigana. Ile nafasi yangu alipewa kijana mwingine, akashinda. Sikurudi kizimbani tena. Yule mtu aliendelea kuja nyumbani miezi kama saba, kila mwezi mara chache zaidi, na Mama Zawadi akimkuta anampikia chai na kumkalisha kitini mpaka mimi nirudi.

Unaona nimenenepa, nina ukumbi wangu wa mazoezi, nina nyinyi watoto ninaowafundisha wa kunipandisha presha. Unadhani hasara yangu ilikuwa lile pambano. Pambano lenyewe watu wamelisahau, hata mimi naweza kulicheka. Ngoja nikuambie kitu ambacho sijawaambia wenzako.

Baada ya ile barua, haikupita miezi miwili, mama yangu alifariki Kitale. Mipaka imefungwa, nikamzika kwa simu, nikitazama jeneza likishuka huku picha inakatikakatika. Jioni yake dada yangu akaniambia nisilie sana, kwani angalau mimi na mama tuliagana. Nikamuuliza lini. Akashangaa. Akasema, "Si ile siku alikupigia mkaongea karibu saa nzima? Alitoka chumbani anafuta machozi, akasema amekuambia yote yaliyokuwa moyoni mwake na amekubariki."

Nikafungua simu nikatazama. Ilikuwepo. Dakika hamsini na nane, katika zile wiki tano nilizokuwa namdanganya kocha, na daktari, na Mungu. Nilipokea simu mimi. Nilimsikiliza, bila shaka nilimwitikia. Sina hata neno moja, Ishara. Nimejaribu miaka yote hii, hata sauti yake akisema haloo sina. Mama alimbariki yule mwingine, na yule mwingine hakunieleza chochote.

Basi nasaha yangu ni hii. Aliyekupiga Jumamosi hakukumaliza, utapigana tena ukitibiwa ukapona, una mkono wa kushoto ambao mimi sikuwahi kuwa nao. Lakini piga hiyo simu sasa hivi, uwaambie hapana. Mwambie daktari kila kitu, hasa lile unaloona aibu kulisema. Dakika ikikupotea, itaje siku hiyohiyo, usingoje ziwe saa. Omba, hata mimi naomba, ila usijifiche ndani ya maombi kama nilivyojificha. Na mtu wa nyumbani akikuuliza mara ya pili kama uko sawa, jua ameona kitu, umjibu ukweli.

Inua kichwa nikuwekee mkono, pole, nitaepuka hapo palipovimba. Baraka za mama yangu zilipotea, itabidi upokee hizi zangu. Mungu akulindie kichwa kabla ya kukulindia mikono. Akupe watu wa kukukalisha kitini usipojijua. Akurudishe kizimbani ukiwa mzima, au akutoe huko ukiwa mzima, vyovyote atakavyopenda. Na siku mama yako atakapokuita akuambie yaliyo moyoni mwake, uwe upo, umsikie, na kesho yake uweze kuyarudia neno kwa neno.