Zulia la Mama na Ugomvi wa Enzi ya Mfalme

Fundi Yadollah wa Kashan, mji ulio kusini mwa Tehran, alikuwa mchambua pamba, kazi aliyoirithi kwa baba yake. Ukimwita anakuja na upinde wake mkubwa begani, anaketi uani kwako, anafumua mfarishi ulioshindiliwa na usingizi wa miaka mingi, kisha anaipiga pamba kwa uzi wa ule upinde mpaka inafura na kuwa nyepesi kama povu. Akimaliza anairudisha ndani ya kitambaa na kuushona mfarishi upya. Siku hizi watu wanalalia sponji na kujifunika mablanketi ya kiwandani, kwa hiyo waliobaki kumwita ni akina mama wazee ambao mifarishi yao ya arusi bado iko hai. Yeye mwenyewe alishavuka miaka sabini na magoti yalimsumbua, lakini akikaa bure nyumbani ndiyo anaumwa kweli.

Aliishi na mjukuu wake, Parnian, binti aliyekuwa akisoma uhasibu chuoni pale mjini. Wazazi wa Parnian walikuwa Bandar Abbas kikazi, bibi yake alishafariki, na wawili hao walizoeana kama marafiki wa rika moja. Binti anapika wali, babu anaosha vyombo, na wote wawili wanasema ovyo juu ya majirani.

Parnian alikuwa na mazoea ya kutazama picha za zamani kwenye simu: wanawake wa Tehran wakitembea nywele wazi na sketi fupi, vijana wamekaa kwenye mikahawa, ndege zikipakia abiria waliovaa kama wanakwenda arusini. Rafiki zake wote walikuwa wakizitazama. Siku moja kwenye foleni ya mkate alimsikia kijana mmoja akimwambia mzee wa watu kwamba nyinyi mliompindua mfalme ndio mliotuponza, na mzee yule akachukua mkate wake akaondoka. Parnian alirudi nyumbani na jambo hilo moyoni. Akamkuta babu yake anakunywa chai, kipande cha sukari kati ya meno.

"Babu," akasema, "mwaka ule wa kumpindua mfalme wewe uliandamana. Hivi mlikuwa mmekosa nini hasa?"

Angeuliza kwa ujeuri, Yadollah angejua la kumjibu. Lakini binti aliuliza kama mtu anayetaka kujua njia ya kwenda mahali. Mzee akamjibu kwa hadithi ambayo amekuwa akijibu nayo maisha yake yote, hadithi ya zulia.

Mama yake alikuwa mfumaji. Alifuma mazulia ya watu tangu utotoni, na yote yalikwenda kukanyagwa kwenye nyumba ambazo yeye hakuwahi kuingia. Moja tu alilifuma kwa ajili yake mwenyewe, jekundu, lenye pembe za buluu, akalitandika chumba cha wageni. Yadollah alipokuwa bado mwanafunzi, ikatangazwa kuwa mkubwa mmoja kutoka ikulu atapita mjini. Watu wa manispaa wakapita nyumba kwa nyumba kuchukua mazulia ya kupamba barabara. La mama yake likachukuliwa, mkubwa akapita, mazulia ya wengine yakarudi, la kwao halikurudi. Baba akaenda kuuliza, akafukuzwa kama mbwa. Tangu siku hiyo mpaka anaingia kaburini, baba hakuacha kuilaani ikulu na kila aliyemo.

"Ndiyo nikaandamana," Yadollah akamaliza. "Mtu anayekunyang'anya hata unachokalia, utamwacha?"

Parnian aliona jibu linatosha, ila si sana.

Majira ya waridi, dada yake Yadollah akaja kutoka Tehran, kama afanyavyo kila mwaka, kununua maji ya waridi na kugombana na mdogo wake. Jina lake Monir, muuguzi mstaafu, mwanamke mrefu asiyependa kusaidiwa kubeba mzigo. Yeye enzi ya mfalme huiita wakati wa heri. Msimamo wake ni huu: alikuwa binti wa mchambua pamba, baba hataki hata amalize shule, na serikali ya wakati ule ikamchukua ikamsomesha uuguzi bure, ikamvisha, ikampa sanduku la nguo na nauli. Akapata mshahara wake, akaenda sinema peke yake, akanunua viatu vyekundu, na hakuna mtu aliyemuuliza kwa nini nywele zake ziko wazi.

Walianza kugombana kabla abgusht, mchuzi wa nyama na mbaazi, haujaiva. Yadollah akasema hao waliokusomesha wewe ndio waliomwibia mama. Monir akacheka. Akasema siku ile ya mgeni wa ikulu ilikuwa siku nzuri kuliko zote walizoishi kwa wazazi wao: baba alivaa koti la arusi, watoto wakagawiwa peremende, muziki ukapigwa mpaka jua likazama. Yadollah akasema baba hakuvaa koti lolote, alisimamishwa juani kwa lazima na fimbo ya askari nyuma yake. Monir akasema, "Wewe ulikuwa juu ya mti na mdomo umejaa peremende, ulimwona baba saa ngapi?"

Parnian aliacha kuponda mbaazi na nyama, akawa anawatazama mmoja baada ya mwingine. Jambo lililomshangaza si kwamba hawapatani. Lilikuwa kwamba walikulia chumba kimoja, wakala sahani moja, na kila mmoja ana siku yake tofauti. Akawauliza ni nani mwingine aliyekuwapo ambaye bado yu hai.

Wakahesabu waliokwisha kufa. Kisha wote wawili wakasema jina moja, Bi Sefat.

Bi Sefat alikuwa jirani yao wa zamani, mfumaji aliyekaa ubao mmoja wa kufumia na mama yao kwa miaka, mabega yakigusana. Sasa alikuwa kikongwe, mgongo umepinda kwa kazi ile, anaishi na mwanawe upande wa bustani ya Fin. Yadollah alikuwa na kisingizio kizuri cha kwenda, kwa sababu bibi huyo alikuwa amemwita tangu majira ya baridi aje amchambulie mfarishi, naye akawa anaahirisha. Asubuhi iliyofuata wakaenda wote watatu.

Bi Sefat hakuwa na haraka ya kusimulia. Kwanza alimgombeza Yadollah kwa kuchelewa, kisha akamwonya asimchanganyie pamba ya kiwandani. Mzee akaketi, akafumua, akaanza kupiga upinde. Monir akamimina chai. Parnian akauliza kuhusu siku ya mgeni wa ikulu, baba alivaa koti au hakuvaa?

Bi Sefat akasema koti alivaa, na fimbo ya askari ilikuwapo. Tena alilivaa lile koti kwa sababu ya ile fimbo, lakini muziki ulipoanza alicheza, kwa sababu baba yao alipenda kucheza, ungemfanya nini. Monir na Yadollah wakatazamana, kila mmoja akijiona ameshinda nusu.

"Na zulia?" Yadollah akauliza. "Lile la mama walilolichukua?"

Bibi akashusha kikombe. Akawatazama hawa wazee wawili kama watoto waliokuja kuomba mkate.

"Kwani Gohar hakuwaambia?"

Gohar ndilo lilikuwa jina la mama yao. Hakuwaambia kitu.

Basi akawaeleza. Zulia lilirudi. Lilirudi jioni ileile, na vumbi la farasi juu yake, lakini Gohar alikuwa ameshawaambia watu wa manispaa walishushe nyumbani kwa Bi Sefat. Monir alikuwa amepata barua ya kukubaliwa chuo, masomo bure kweli, ila alitakiwa aende na nguo zake, viatu, shuka, nauli na pesa ya kukaa mpaka posho ya kwanza itoke. Baba alikuwa ameapa kwamba binti haendi, na hata akienda, yeye hatoi hata kitufe. Gohar na Bi Sefat wakalikung'uta zulia, wakalikunja, wakafuatana na mume wa Bi Sefat kulipeleka sokoni Isfahan ambako hakuna aliyewajua. Kisha Gohar akamwambia mumewe kwamba watu wa ikulu wameliiba, na akamwambia bintiye kwamba sanduku limetoka serikalini.

"Alilia?" Monir akauliza.

"Gohar? Tulicheka njia nzima. Tulicheka mpaka mume wangu akaogopa tutajulikana. Kulia alilia baadaye, baba yenu alipokwenda kudai manispaa na kufukuzwa. Hilo hakulipanga."

Upinde ulikuwa umenyamaza. Vipande vya pamba vilikuwa vimetua kwenye nyusi za Yadollah, naye hakuvipangusa. Maisha yake yote alikuwa amebeba hasira ya baba yake, na hasira ile ilitengenezwa na mama yake kwa ajili ya safari ya dada yake. Kwa muda alitaka kukasirika akakosa wa kumkasirikia. Monir naye alikaa na birika mkononi. Shukrani aliyokuwa nayo kwa serikali ile tangu ujana, kumbe zaidi ya nusu yake ilikuwa ya mwanamke aliyekuwa akimgombeza kwa kuvunja vikombe.

Bi Sefat akawakumbusha kuwa mfarishi wake bado uko chini.

Njiani kurudi, Parnian hakuweza kujizuia. "Kwa hiyo babu ulisaidia kumpindua mfalme kwa ajili ya zulia ambalo mama yako aliliuza mwenyewe?"

Monir alicheka, halafu akaona uso wa mdogo wake, akaacha. Yadollah aliwaambia waketi kwanza. Kulikuwa na ukuta mfupi kando ya mfereji, wakakaa hapo.

Akasema zulia lilikuwa jibu la haraka, la kumpa mtu yeyote anayeuliza. Lingine hakuwahi kulisema kwa sababu halina mwisho mzuri. Alikuwa na rafiki, Qodrat, mshona viatu, mchekeshaji, hodari wa kuigiza sauti za watu. Askari kanzu wa mfalme walimchukua kwa sababu ya kijitabu kilichopigwa marufuku. Aliporudi, mshona viatu yule hakuweza kuvaa kiatu, kwa jinsi nyayo zake zilivyochapwa. Yadollah alimbeba mgongoni kwenda hamamu kumwogesha, na akaandamana kwa sababu hiyo, si nyingine. Wote wawili waliandamana, Qodrat kwa magongo. Na miaka michache baadaye wale waliotawala baada ya mfalme nao wakamkamata Qodrat kwa kijitabu kingine. Safari hiyo hakurudi.

"Sasa nikimwambia mtu habari za Qodrat," Yadollah akasema, "ataniuliza nilifaidika nini. Zulia halina swali hilo."

Monir alimuuliza kwa nini hakumwambia yeye, dada yake.

"Ungeniamini?"

Monir akafikiri kwa uaminifu. Wakati ule alikuwa na mshahara wake na viatu vyake vyekundu, na kila aliyemjua alikuwa akiishi vizuri. "Sijui," akasema. Kisha akaongeza, "Lakini Yadollah, sinema nilikwenda kweli. Hilo usiniondolee."

"Sikuondolei."

Parnian alitaka kujua Qodrat aliigiza sauti za nani. Yadollah akashangaa, maana hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. Akamwonyesha, pale pale ukutani, jinsi Qodrat alivyokuwa akimwiga mwalimu wao wa hesabu akipiga chafya. Hakuiga vizuri, lakini Monir alimjua mwalimu huyo akacheka kwa machozi.

Monir hakurejea Tehran mwisho wa wiki kama alivyopanga. Akawa anafuatana na mdogo wake kwenye nyumba anakoitwa, anamshikia ncha za kitambaa akishona, na wote wawili wanawauliza wenye nyumba habari za enzi ile: mlikuwa mnakula nini, maji mlichota wapi, mlimwogopa nani. Kwa mjane mmoja wa mfua shaba waliuliza swali la maji tu, na mjane na wifi yake wakagombana vibaya kama bomba la maji lilifika mtaani enzi ile au baada yake, hata Monir akalazimika kuwapikia chai wenyeji nyumbani kwao wenyewe. Akawaambia si kitu, amezoea.

Parnian hakubadilisha mawazo. Bado alisema kwamba angepewa kuchagua, angechagua barabara ya kwenye zile picha, nywele wazi, na Yadollah hakumlaumu. Ila siku Monir alipoondoka na chupa zake za maji ya waridi, binti alimwomba bibi yake huyo amsimulie tena kuhusu sinema, na safari hii akataka aanze na alivyofika mlangoni, ni nani aliyekata tiketi, na ni akina nani waliokuwa wamesimama nje bila kuingia.

Monir akaweka mzigo chini, akaanza kukumbuka.