Siku Tatu za Manjano

Kosa langu ni mdomo. Mama mkwe wangu mtarajiwa, Mhindi mzaliwa wa hapa hapa Mwanza, anayejua bei ya sato kuliko mimi, alikuwa ananieleza harusi yetu itakavyokwenda: asubuhi kanisani kwetu, jioni kwao, kuzunguka moto na mashada ya maua. Akafika kwenye manjano, ile bizari ya kupaka mwilini. Bibi harusi akishapakwa, hatoki nje mpaka siku ya ndoa. "Zamani ilikuwa siku tatu," akasema.

Kwa kutaka kuonekana mkwe bora kuliko wote, nikadakia: "Hata hizo tatu, mama, nitakaa zote! Mimi na nje hatujuani."

Sikudanganya. Tangu nimalize kidato cha nne niko ndani, nafuma vitambaa vya makochi. Chumba nilipanga Igogo, juu kabisa kwenye mawe, kwa sababu wageni huchoka kabla hawajafika.

Siku ya kwanza shangazi zake bwana harusi walinipaka uso, mikono na miguu, wakaimba, wakaondoka. Nikalala kama malkia. Siku ya pili ngozi ikaanza kuwasha, na mimi nikaanza kutamani vitu vya ajabu: kwenda kununua chumvi, kupanga foleni ya maji, hata kuhudhuria kikao cha wapangaji, ambacho sijawahi kukanyaga. Nikakaa dirishani kama mbuzi wa kufungwa kamba, naliangalia ziwa kwa wivu.

Siku ya tatu akaja bibi.

Bibi ndiye aliyenilea, kule Magu. Alishaniambia kwamba magoti yake hayawezi harusi ya kutwa nzima, kwa hiyo atakuja mapema anibariki, kisha arudi na gari lililoleta mchele, saa tisa. Nikasema sawa. Mawe nikayasahau.

Jirani yangu, mama muuza dagaa wa pale chini barabarani, akapaza sauti: "We bibi harusi! Bibi yako yuko huku!"

"Mwambie apande!"

"Apande na nini? Mabawa?"

Nikachungulia. Kati ya mawe mawili nilikiona kitambaa cheupe cha kichwani mwake. Amekaa kwenye benchi la jirani, anatazama juu, hajui dirisha langu ni lipi. Ilikuwa saa saba na nusu.

Nilishika simu mara tatu, nikaiweka mara tatu. Niliwawazia wale shangazi wakinilaumu: mvua ikinyesha siku ya harusi, ni mimi. Maziwa yakifurika jikoni, ni mimi. Nimeshindwa mtihani hata kabla ya kuolewa! Nikakaa kitandani. Nikasimama. Nikafika mlangoni, nikashika kitasa, nikarudi. Saa nane ikapita. Bibi alikuwa bado anatazama juu.

Saa nane na nusu nikapiga. "Mama, naomba ruhusa nitoke. Bibi yangu yuko chini, hawezi kupanda."

Akauliza: "Kwani uko ndani tangu juzi?"

"Si ulisema siku tatu?"

"Nilisema zamani! Siku hizi tunapaka asubuhi, mchana mtu yuko saluni. Wewe ulivyong'ang'ania, nikajua ni raha yako. Sasa unamweka bibi wa watu juani? Shuka, binti!"

Nilishuka na kanga kichwani, kandambili mguu mmoja, nyingine sijui ilibaki jiwe gani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba." Akanishika kidevu. "Nilikulea ukiwa na rangi yangu. Hii ni homa ya manjano?"

Akaniwekea viganja mashavuni, akaniombea taratibu, kwa Kisukuma, huku dereva akipiga honi. Alipomaliza, viganja vyake vilikuwa vya njano. Jirani akamletea maji anawe, akakataa. "Niacheni. Na mimi leo nimeolewa kwa Wahindi."

Gari likaondoka naye. Nilikuwa nimempata kwa dakika kumi tu.

Nikabaki pale kwenye benchi, nalia na kumweleza jirani jinsi mila za watu zilivyonifungia siku tatu. Alinisikiliza huku anapepeta dagaa wake, kisha akasema:

"Usizisingizie mila za watu. Mlango wako, ufunguo wako. Wewe ni mvivu wa kushuka tu."