Matawi Yangu ya Tahadhari

Mimi hufundisha udereva Garsen, na mambo ya dharura barabarani nayajua kama kiganja changu. Juzi, kwenye lami ya kuelekea Hola, gurudumu la nyuma lilipasuka mwanafunzi wangu Hawa akiendesha.

"Usikanyage breki! Shika usukani, toa mguu kwenye mafuta!"

Hawa akalituliza gari hadi kando. Nikajipongeza mimi.

"Nitoe ile pembetatu nyekundu ya tahadhari, mwalimu?"

"Ya nini? Sisi wazoefu tunaweka matawi."

Nikakata matawi mabichi, nikayapanga barabarani hatua hamsini nyuma yetu, nikarudi kufungua nati. Magari yakawa yanatupita kwa kasi, nami nikawatukana madereva wote wa Tana River kwa kutojua alama. Mara lori likafunga breki, likasimama shibiri moja tu kutoka kwetu.

"Huoni matawi?" nikafoka.

"Matawi gani?" dereva akauliza.

Nikageuka. Kule nyuma, kando ya lami, mbuzi walikuwa wanamalizia tawi la mwisho. Mama aliyekuwa akiwachunga akanipungia fimbo yake.

"Mungu akupe heri, baba! Kwa ukame huu, nani mwingine angewakatia mbuzi wangu majani?"