Mihogo Iliyopandwa Kichwa Chini

Miaka ya sabini, mvua zilipoanza, nilimsaidia jirani yetu hapa Nchelenge, kando ya ziwa, kupanda mihogo nyuma ya nyumba yake. Alikuwa mjane kutoka ng'ambo ya ziwa, Kongo, anauza samaki wakavu. Mimi niliacha shule darasa la nne, kwa hiyo naandika nilichokiona tu, na hata hicho sina hakika nacho chote.

Mjane alikuwa na desturi yake. Kila fungu la miti ya mihogo alilifunga kamba ya ganda la mti upande wa miguu, yaani wa shinani, ili anayepanda ajue kichwa kiko wapi. Siku ile nilizifungua kamba zote, nikafungia samaki wa mume wangu kwenye baiskeli, akaenda kuwauza Kabuta. Kisha nikakata vipande, nikavisimamisha ardhini bila kuuliza kichwa ni kipi.

Wiki chache baadaye, asubuhi ya ukungu, tulikuta mstari mzima umegeuka kitu kingine. Machipukizi yalitokea chini, yamejikunja kama vidole vya mtu anayetaka kutoka udongoni. Mizizi myeupe ilikuwa juu, kwenye ncha, inainama kutafuta ardhi. Hakukuwa na upepo, lakini niliona kama inasogea. Labda ni macho yangu.

Mwezi ule surua ilikuwa imechukua watoto wawili wa nyumba moja. Sitaki kuwasema vibaya wazazi wao, waliosema mjane amewaroga. Ningekuwa wao, pengine ningesema yale yale.

“Ule mama eko nazika batu kichwa chini,” walisema kisimani. “Ona, hata mihogo yake inataka kukimbia!” Wengine wakacheka, kicheko kifupi.

Nilinyamaza siku tatu. Niliogopa wataniunganisha naye. Au niliona haya tu. Mpaka leo sijui.

Siku ya nne mjomba wa wale watoto alikuja na kafi mkononi. “Mama, mutumbwi unangoja. Rudi kwenu.”

Mjane alikuwa ameshafunga mzigo wake.

Bwana shamba, akielekea Kafutuma, alishuka kwenye baiskeli kuona watu wamejazana. Aling'oa kipande kimoja. “Ndani ya muti kuna dawa inatoka kichwani inateremuka mpaka miguuni,” alisema. “Kwenye inajikusanya, mizizi inatoka. Ukiugeuza, dawa inafuata miguu ya zamani. Na chipukizi likilala, upande wake wa chini unarefuka zaidi, ndiyo linapinda kwenda juu. Huu ulipandwa kichwa chini, basi. Nani alipanda?”

Mjane aliniangalia. Hakunyoosha kidole.

“Ni miye njo nilipanda,” nikasema. “Nilifungua kamba zake.”

Mjomba alinigeukia. “Siku zote hizi, haukusema?”

Akaweka kafi begani akateremka ziwani peke yake.

Mjane alifungua mzigo. Tulipanda upya mstari ule pamoja. Tangu hapo alinipa vipande alivyokata mwenyewe, kila kimoja kimetiwa alama ya kisu upande wa miguu, na sikuruhusiwa tena kushika kamba.

Maneno ya bwana shamba niliyaamini. Lakini kipande kilichokatwa, kikafukiwa gizani udongoni, kinawezaje kukumbuka kichwa chake? Kila nikipanda, nakishika kama kinanisikia.