Gari la Chini la Jirani Yetu wa Shamba

Mwezi uliopita nilinunua gari, na tangu siku hiyo Babati nzima ina la kusema. Ni gari la spoti, la Kijapani, la milango miwili, jekundu, na ni kuukuu kiasi kwamba kijana aliyeniuzia ni mdogo kuliko gari lenyewe. Wala si la kufunika turubai na kulitoa siku za harusi. Ndilo ninaloendea kazini kila asubuhi kutoka Bagara hadi shuleni Singe, ndilo linalobeba madaftari ya wanafunzi na debe la mahindi ya kusaga. Mume wangu alilizunguka mara mbili, akauliza nusu yake nyingine inakuja lini. Walimu wenzangu wananiuliza kama nimenunua gari au kitanda, kwa sababu ukiingia ni kama unakwenda kulala. Ng'ombe wakikatiza barabara, mimi ndiye ninayeinua shingo kuwatazama, na wao wananitazama kwa dharau.

Najua na wewe unataka kuuliza kwa nini sikununua pikapu kama watu wenye akili zao. Uliza tu, rafiki yangu, leo nina nafasi.

Nililelewa na bibi mzaa mama kule Mutuka, enzi ambazo Mutuka ilikuwa mashamba na maboma ya ng'ombe, nyumba moja hapa, nyingine kule ng'ambo ya korongo. Asubuhi zetu zilinukia moshi na maziwa. Bibi alikuwa anasafisha vibuyu kwa makaa ya mti aliouchagua mwenyewe, akivitikisa hadi moshi utoke mdomoni mwa kibuyu, na maziwa yaliyogandia humo yalikuwa na ladha ambayo sijaionja tena popote, hata pale ninapolipa vizuri. Nilichota maji kabla ya shule, nikirudi nilikuta ugali na mlenda, na jioni tulikaa uani kuchambua mbaazi. Kelele za jioni zilikuwa kengele za ng'ombe na bibi akinigombeza.

Kwenye mbaazi ndiko nilikoanza kugundua. Tulikuwa tunatafuna mawe. Siku ya kwanza mjomba alicheka, siku ya tatu hakucheka. Bibi alikuwa anachambua kwa vidole kwa sababu macho yalikuwa yamefunikwa na ukungu mweupe, mtoto wa jicho, na yeye alikuwa ameficha jambo hilo kwa werevu mkubwa. Alitutambua kwa nyayo na kwa kukohoa. Ng'ombe wake, ambao zamani aliwataja kwa rangi na mabaka yao hata wakiwa mbali bondeni, akawa anawashika pembe kwanza ndipo awaite. Mwaka huo aliacha kwenda hata kanisani. Alikaa kwenye kigoda chake mlangoni, uso ameuelekeza juani, na siku nzima hakusema maneno kumi. Nilikuwa na miaka tisa na nilikuwa naogopa sana, kwa sababu niliona anaondoka huku amekaa palepale.

Sasa jirani. Alikuwa na duka la vitambaa na sukari kule Bagara, mtu wa kanzu safi na sauti ndogo, ambaye babu yake alikuja kutoka pwani na kubaki. Alilima mbaazi kando ya shamba la bibi, na kila Jumamosi alikuja kuliangalia shamba lake kwa gari la ajabu kuliko yote wilayani. Lilikuwa la chini, jekundu, la milango miwili, na taa zake zilijificha ndani ya boneti mpaka aziamuru kutoka. Watu wazima walisema mtu mwenye watoto watano kununua gari la namna hiyo amerogwa. Sisi watoto tulilipenda kwa moyo wote. Lakini hakuwahi kulileta kwetu. Aliliacha kwenye kalavati, pale barabara nzuri ilipoishia, akavua viatu, akakunja kanzu na kumalizia njia kwa miguu. Baada ya kalavati palikuwa na mawe yaliyosimama katikati ya njia, na gari lile lilikuwa limeachana na ardhi kwa upana wa kiganja tu.

Mwaka huohuo ikatangazwa kanisani kwamba madaktari wa macho wamekuja hospitali ya mjini kwa siku tatu. Watawapasua wazee bure, kisha waende zao.

Siku ya kwanza mjomba aliazima pikapu ya kubebea mahindi. Goti la bibi lilikuwa bovu tangu zamani, halikuweza kupanda hata kizingiti kirefu. Vijana wakajitolea kumnyanyua. Bibi akawazuia kwa fimbo. "Mimi sibebwi na wanaume mbele za watu," alisema. "Siku nitakayobebwa, mtakuwa mnakwenda kunizika." Pikapu ikarudi tupu. Siku ya pili ukaja mkokoteni, tukaweka kiti cha kukanyagia, goti likakataa na bibi nusura aanguke. Akarudi kwenye kigoda chake, akasema basi. Kwa bibi yangu neno hilo halikuwa na rufaa.

Siku ya tatu ilikuwa Jumamosi. Jirani alinikuta mpakani mwa mashamba nikilia na ndoo kichwani, maji yakinimwagikia. Nikamweleza yote kwa mkupuo. Aligeuka akaitazama ile njia, kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma barua. Kisha akasema, "Waite wenzako. Mawe yote mnayoweza kuyasogeza, yasogezeni." Akarudi kalavati.

Tulikuwa watoto saba. Tulisukuma mawe, tukafukia mashimo kwa mikono, na nyuma yetu gari likaja polepole likisugua tumbo, na kila liliposugua tulikunja nyuso kana kwamba tunakwaruzwa sisi. Lilipofika uani, kuku walikimbia. Jirani akafungua mlango, akaenda kuinama mbele ya bibi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Kama umekuja na gari, umeshaambiwa kuhusu goti langu."

"Nimeambiwa. Hili halipandwi, bibi. Hili linakaliwa kama kigoda."

Bibi akapapasa. Akakishika kiti, akakipima kwa kiganja, akageuka, akakaa. Hivyo tu. Hakuna aliyemgusa. Alikaa kama alivyokaa mlangoni kwake miaka yote, miguu ameinyoosha mbele, na akaanza kucheka, kicheko nilichokuwa nimekisahau. Mimi nikajibana nyuma kwenye nafasi ambayo aliyeunda gari hakika hakuwa na mpango wa kukalisha binadamu.

Njiani bibi aliongea. Maneno ya mwaka mzima yalitoka pamoja. Alitaka kujua gari lina rangi gani. Nikamwambia jekundu. "Jekundu la namna gani? Kama ng'ombe wa mjomba wako au kama yule mtamba niliyemuuza?" Nikasema kama mtamba. Akaridhika, akasema yule alikuwa na rangi nzuri. Kabla ya kalavati tulisikia kishindo chini yetu, kikavu, na mbele ya dereva ikawaka taa ndogo nyekundu. Nikauliza ni nini. "Inatuambia tuwahi," jirani akanijibu, "madaktari wanafunga saa sita." Nikamwamini. Kuanzia hapo gari lilianza kunguruma vibaya na kunuka kuungua, na yeye akakaza macho mbele, huku akimwitikia bibi kila hadithi, "Ehe, bibi. Ikawaje?"

Tulipofika hospitali ndipo ikajulikana kwamba bibi yuko pekupeku. Alipohisi zulia miguuni wakati wa kuingia, alifanya kama anavyofanya mtu mwenye adabu akiingia nyumba ya watu: alivua katambuga zake, akazipanga vizuri nje, uani kwetu. Tukawa tumeziacha Mutuka. Jirani akavua makubazi yake akamvalisha, na bibi akaingia kwa madaktari akiburuta viatu vya kiume, akisema wenye gari zuri wanapaswa kuwaonya watu.

Kesho yake walimfungua bandeji. Alinitazama kwa muda, akasema, "Kumbe umeota meno ya mbele." Nilikuwa nimeyaota tangu mwaka uliopita. Nililia, na yeye akanigombeza kwa kulia. Alikaa wiki moja kwa mama mdogo pale Bagara, kisha akarudishwa kwa gari dogo la jamaa hadi kalavati. Alitembea mwenyewe kutoka pale na fimbo yake, akisimama kila baada ya hatua chache, si kwa sababu ya goti. Alikuwa anaangalia mbaazi za watu na kuzisema.

Aliishi miaka mingi baada ya hapo. Aliniona nikimaliza shule, akaniona nikiolewa, na alipomtazama mume wangu kwa mara ya kwanza alitoa maoni ambayo siwezi kuyaandika hapa. Kitu kimoja hakukiona kamwe. Aliomba mara kadhaa aonyeshwe gari lile, na jirani alimjibu, "Nimeliuza, bibi, lilikuwa linanichosha."

Leo Mutuka ninayoijua mimi haipo. Kwenye mashamba yale kuna nyumba za bati la rangi, njia imechongwa, kalavati lenyewe limezikwa na hakuna anayejua lilipokuwa. Bibi ametangulia, jirani naye, na lilipokuwa duka la vitambaa sasa wanauza simu. Nilipoliona hili gari mtandaoni, la namna ileile na rangi ileile, niliwaza ile asubuhi ya kicheko. Nililinunua kwa furaha, na hadi wiki iliyopita nilidhani ndiyo sababu yote.

Wiki iliyopita nililipeleka kwa fundi, mzee ambaye ametengeneza magari ya mji huu tangu mimi sijaanza shule. Alizunguka boneti taratibu. "Mwalimu," akasema, "gari kama hili lilinifia mikononi. Jiwe lilitoboa sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, oili yote ikamwagika, na mwenyewe akaendelea kuendesha mpaka injini ikashikana. Nilimfokea. Taa ya oili ikiwaka unazima hapohapo, hilo hata mtoto anajua. Akaniambia, 'Najua, fundi. Lakini ndani kulikuwa na bibi. Ningezima angeshuka, na akishuka angesema basi, haingii tena gari lolote.' Tukaliuza kama chuma chakavu. Akanisihi nisimwambie mtu yeyote wa Mutuka."

Nilikaa kwenye tairi pale gereji, fundi akaniletea maji.

Kwa sababu nilikuwa ndani, unaona. Nilijibana nyuma ya kiti cha bibi nikiitazama ile taa. Na nakumbuka vizuri kilichofuata. Baada ya hapo jirani alikuja shambani kwa miguu, kutoka Bagara hadi Mutuka, kila Jumamosi, jua kali au matope. Bibi alimpa kibuyu cha maziwa kwa ajili ya ile lifti, na yeye, kwa kuwa chombo cha watu hakirudishwi kitupu, alikirudisha na sukari, amekibeba mkononi njia nzima. Sisi watoto tulimwona akitokea kwa mbali, kanzu imejaa vumbi, tukamcheka kwamba utajiri umemfanya bahili hata gari ameuza. Alipotufikia tulinyamaza, tukampa shikamoo. Akaitikia marahaba, akauliza bibi anaendeleaje na macho. Nilimjibu Jumamosi zote zile, miaka na miaka, na hakuna hata moja niliyomwambia ahsante.