Mjumbe Wangu Nani

Tulipohamia Goba, mtaa wetu ulikuwa vichaka na nyumba za kuhesabu. Sasa zimejaa fremu za maduka, na kila mwenye nyumba kajenga ukuta. Maendeleo yalileta televisheni kubwa za kutundika, na televisheni zikaleta wezi. Mie nikajenga ukuta mrefu kuliko wa jirani, nikapachika chupa zilizovunjwa juu yake. Nilijisifia sana, ingawa kwa haki aliyejenga ni fundi. Mie nilisimama kivulini namwambia aongeze kozi moja ya matofali.

Basi Jumamosi moja asubuhi nikatoka kutupa taka, geti likajifunga. Funguo ndani, simu ndani, mke wangu sokoni. Mtu mwenye akili angemsubiri. Mie nikapanda ukuta.

Nilifika juu, na hapo chupa zikafanya kazi niliyoziwekea. Suruali ikanasa. Nikiwa najinasua, nikasikia sauti ya mwanamke barabarani: "Mwizi! Mwizi huyo!"

Nikageuka kumtafuta huyo mwizi.

Madereva bodaboda walinivuta miguu, nikatua kwenye lundo la mchanga. Mmoja alikuwa keshashika tofali.

"Nakaa hapa!" nikapiga kelele.

"Wote mkikamatwa mnakaa hapo hapo," akasema wa tofali. "Haya braza, mjumbe wako nani?"

Mtu akihamia mtaani hujitambulisha kwa mjumbe wa nyumba kumi. Mie nilijiambia mwenye geti hana haja hiyo. Sasa niseme sijui, na tofali liko juu ya kichwa changu?

"Ni mzee mmoja hivi," nikasema. "Tunaheshimiana sana."

Mama mmoja mtu mzima, kajifunga kanga kiunoni na upawa wa uji bado mkononi, akapenya katikati ya watu.

"Mzee mwenyewe ndio mie," akasema.

"Shikamoo mama."

Hakuitikia. Nikajua nimekwisha.

"Shusha tofali, wewe," akamwambia yule dereva. "Mwizi hasa angekuwa keshaulizia mjumbe ni nani. Huyu ni mjinga tu. Mkalisheni hapo, tusubiri atokee wa kumjua."

Wakacheka, tofali likashuka. Nimejaribu kuwakasirikia, nimeshindwa. Mtu hawamjui, kang'ang'ania ukuta mchana kweupe. Ningekuwa mie, labda ningepiga yowe kabla yao.

Mwishowe mke wangu akatokea na kapu lake.

"Shikamoo mama mjumbe!" Kumbe wanajuana.

"Marahaba mwanangu. Huyu unamfahamu?"

Akanitazama nilivyokaa mchangani, suruali imechanika mpaka pasipostahili. Hakuwa na haraka. Tofali lilikuwa bado karibu na mguu wa yule dereva, nami nikamkazia macho mke wangu kama mtu anayeomba maji.

"Namfahamu," akasema hatimaye. "Ila msimwachie kwanza. Muulizeni alikuwa anataka kuiba nini kwangu."